Maotea ya bustani mpya: jinsi ya kujua ni mmea gani kabla hujang'oa wala kuonja

Mvua za kwanza zikishanyesha swali linakuja lile lile, "nimehamia juzi, nyuma ya nyumba kuna kitu kimeota chenyewe, hiki ni nini?" halafu inafuata picha moja, imepigwa usiku kwa flashi, inaonyesha ukijani tu. Hapo kila mtu anakuja na jina lake, mmoja anasema hiyo dawa ya presha, mwingine anasema ng'oa haraka hiyo sumu, na mwenye swali anabaki palepale alipokuwa. Kwa hiyo naandika hapa mara moja, mtu afuate mwenyewe hatua kwa hatua.

Nimezoea huku Dar na Pwani, mifano mingi ni ya huku, lakini hatua ni zilezile hata uwe Arusha, Nairobi au Kampala, inabadilika mimea tu. Na kitu kimoja kubali mapema: mche mchanga unakupa fununu, ua ndio linakupa jibu. Kama huna subira ya kungoja ua basi utaishia kubahatisha.

Andaa hivi kwanza

- Glavu. Zile za mpira za kuoshea vyombo zinatosha kabisa.
- Simu yenye kamera na bando kidogo.
- Vijiti vya kuchomeka na vitambaa vya rangi kali, ili kijana wa kufyeka aone hapa hapaguswi.
- Karatasi nyeupe moja na sarafu, shilingi 200 ni nzuri, ya kuonyesha ukubwa kwenye picha.
- Daftari. Usiandike kwenye simu, utapoteza.
- Gazeti la zamani na tofali mbili.

Lenzi ya kukuzia ukiwa nayo sawa, usiponayo piga picha halafu vuta kwa vidole.

Hatua zenyewe

1. Usifyeke yote.

Watu wengi wakihamia tu wanaita kijana, anafyeka uwanja mzima, baadaye ndio wanajua kwamba aliyekaa pale kabla yao alikuwa na mchaichai, mrihani na miche ya mipapai. Chagua kona, hata mita mbili kwa mbili, izungushie vijiti uiache. Kwingine fyeka kama unaogopa nyoka, hiyo sababu ya maana na sibishani nayo. Ila kwa kila aina ya mmea unaoiona acha miche mitatu hivi, mmoja utauchimbua, mwingine utaliwa na kuku au konokono, wa tatu utafika kwenye ua.

Kuna vitu vitatu havisubiri ua:

Upupu. Unatambaa, vijani, yaani vijijani vidogo vya kikonyo kimoja, vitatu vitatu kama maharage, na ndio maana watu wanaumwagilia kabisa wakidhani wamepata maharage ya bure. Maua yake ni ya zambarau iliyokolea yananing'inia kwa vichala, halafu yanakuja maganda yenye manyoya ya kahawia na hapo ndio balaa, upepo ukivuma tu mnajikuna nyumba nzima. Ukiona mtambao wa vijani vitatu usioujua na jirani anasema mwaka jana upupu ulikuwepo hapo, utoe kabla haujaweka maganda.

Mbigiri, kama una watoto wanaocheza peku. Inatambaa chini, maua madogo ya njano, na tunda lake lina miiba inayotoboa mpaka kandambili.

Gugu karoti. Hili nalieleza chini kidogo kwa sababu lina mambo yake.

2. Angalia limeota wapi kabla hujaangalia limefananaje.

Hii hatua watu wanairuka na ndio inayopunguza kazi kuliko zote. Simama, tazama mpangilio.

Kama miche iko kwenye mstari, au imeachana sawasawa, hayo sio maotea, kuna mtu alipanda. Kama imejaa chini ya waya wa umeme, chini ya fensi au chini ya mti mkubwa, imeletwa na ndege au popo, hapo fikiria mwarobaini, mpapai, mpera, mnavu. Kama imejaa palipomwagwa samadi, fikiria michicha ya kila namna, maana mbegu ya mchicha inapita tumboni mwa ng'ombe na kutoka nzima. Kama ipo palipokuwa na jalala la jikoni basi ni nyanya, maboga, pilipili, tikiti, pasheni. Na kama mwenye nyumba alileta lori la udongo mweusi kusawazisha kiwanja, hapo bwana unaweza kupata chochote, umepokea mbegu za shamba la mtu mwingine usiyemjua, muulize dereva alikochota.

Halafu angalia na palipochimbuliwa. Magugu mengi mbegu zake zinalala ardhini miaka zikingoja mwanga, fundi akichimba msingi au shimo la choo anazileta juu, zinaota zote kwa pamoja. Hiyo ndiyo sababu nyumba mpya ina maotea mengi kuliko ya zamani.

3. Chimbua mche mmoja taratibu.

Usivute. Ingiza kijiti pembeni, legeza udongo, inua na mzizi wake. Mara nyingi kwenye mche mchanga ganda la mbegu bado limeng'ang'ania palepale, na likiwepo umemaliza mchezo. Embe na parachichi hazina ubishi. Mbarika, ambayo wengine mnaiita mnyonyo, mbegu yake inang'aa na ina madoa ya kahawia, ukiiona ni kama kupe aliyeshiba, na hiyo ina sumu kali, usimpe mtoto achezee.

Hakuna ganda? Angalia majani ya kwanza kabisa. Likitoka jani moja jembamba lililojikunja ni jamii ya nyasi, yaani mahindi, mtama, ulezi, au nyasi za kawaida. Yakitoka mawili manene ya duara la yai, makubwa kama kucha ya dole gumba au zaidi, hapo ni familia ya maboga, matango na tikiti. Mengine mengi yanatoka mawili madogo yasiyosema kitu, usiyakazie macho, subiri yaje majani halisi angalau manne.

4. Shika shina.

Vaa glavu. Lizungushe kati ya vidole.

Shina la pembe nne, sugua jani unuse, linaweza kuwa mrihani, kivumbasi au ndugu zao. Shina la pembe tatu na majani kama nyasi ni ndago, pole sana, tutaongea mwishoni. Lina utomvu mweupe? Inaweza kuwa mpapai, mchunga ule wa mboga chungu, au mmoja wa jamii ya mnyaa, na hao wa mwisho utomvu wao ukiingia jichoni ni hospitali. Ndio maana ya glavu. Usijikune jicho mpaka umenawa.

5. Soma jani, ila kwanza jua jani ni lipi.

Hapa ndipo wanaoanza wanapotea karibu wote. Chukua mwarobaini. Kile kidogo chenye meno pembeni ambacho kila mtu anaita jani sio jani, ni kijani kimoja tu, jani lenyewe ni ile fimbo yote na vijani vyake huku na huku. Utajuaje? Fuata kikonyo mpaka kinapoungana na shina au tawi, tazama kwenye kwapa. Jani la kweli lina kitumba kidogo pale kwenye kwapa, chipukizi la kesho. Kijani hakina. Jizoeze hili kwenye mti wowote unaoujua kabla hujaja kwenye usioujua, dakika chache tu litakukaa kichwani.

Ukishajua jani ni lipi, andika: yanatoka mawilimawili yakitazamana au moja moja kwa kupishana? Ni jani zima au lina vijani, na vijani vimejipanga kama unyoya au vimetoka sehemu moja kama vidole? Pembeni laini au lina meno? Lina manyoya? Nyuma rangi gani? Kuna mwiba, na mwiba uko wapi?

Hilo la mwiba usilipuuze. Mchicha wa mboga hauna miiba. Upo mchicha mwingine wa porini unaofanana nao ila ukiangalia shina pale jani linapoanzia kuna miiba miwili mikali. Watu wanachuma usiku usiku wanachomwa halafu wanasema mchicha wa siku hizi umebadilika.

6. Nusa, usionje.

Kata kipande kidogo cha jani, sugua na glavu, nusa. Kama jani lina manyoya yanayowasha au utomvu mweupe ruka hatua hii. Jani la nyanya linanuka nyanya hata liwe na urefu wa kidole, huwezi kukosea. Kivumbasi kinanukia chumba kizima. Bangi mwitu, ule mmea mrefu mwembamba wa mashambani, harufu yake inabaki mkononi mpaka jioni, na jina lisikutishe, ni ndugu wa yale maua ya njano ya bustanini, sio bangi.

Kuonja hapana. Kuna watu watakwambia wazee walikuwa wanaonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Wazee walikuwa wanaijua mimea yao tangu wadogo, wewe umehamia juzi.

7. Piga picha zinazoeleweka.

Asubuhi au jioni, sio saa saba mchana, jua kali linafuta kila kitu. Picha moja haitoshi, piga hizi: mmea mzima ulivyosimama, jani moja kwa mbele na sarafu pembeni, jani hilohilo kwa nyuma, pale jani linapoungana na shina, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda. Weka karatasi nyeupe nyuma ya unachopiga, bila hivyo kamera ya simu inakamata majani ya nyuma na kukuachia ukungu mbele.

8. Peleka kwenye programu, lakini usiiamini kipofu.

PlantNet ni ya Wafaransa na ni ya bure, inakuuliza unapiga nini, jani, ua, tunda au gome, na unaweza kuiambia itafute kwenye mimea ya Afrika ya kitropiki, fanya hivyo maana ukiiacha wazi italeta mimea ya Ulaya. iNaturalist yenyewe inatoa pendekezo halafu watu wanaoijua mimea wanakuja kuthibitisha au kukosoa, mimi naipenda zaidi kwa sababu hiyo, ila inahitaji akaunti na kabla ya kutuma ficha mahali ulipo, sio kila mtu ajue nyumba yako mpya iko wapi.

Jibu la PlantNet linakuja na asilimia. Juu ya 80 chukulia ni pendekezo zuri. Asilimia 20 na majina matano chini yake maana yake programu haijui kama wewe usivyojua. Kumbuka orodha ya mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda ilianza kuchapishwa 1952 ikamalizika 2012, na ina aina zaidi ya 12,000, usitegemee simu ikazijua zote kwa jani moja.

Ukipata jina la kisayansi liandike kwenye daftari herufi kwa herufi, hilo ndilo la kutafutia. Tafuta picha za ua na tunda lake, linganisha na maelezo yako ya hatua ya 4 na 5. Kama jina hilo ni la mmea wenye majani yanayotazamana na yako yanapishana, programu imekosea, jina hilo lifute.

9. Ngoja ua, likija liangalie vizuri.

Hesabu petali. Angalia kama ua ni moja au ni kichwa chenye vijiua vingi vimebanana, kama alizeti, kishona nguo na alizeti mwitu ile ya vichaka kando ya barabara. Ua lenye umbo la ua la maharage, na baadaye ganda, ni jamii ya kunde. Nyota ya petali tano na katikati kijiti cha njano, ni jamii ya nyanya, nenda chini kwenye sehemu ya wanaofananafanana.

Mpapai uliojiotea unatoa maua kwenye miezi 5 hadi 8 hivi na hapo ndipo utajua kama ni dume. Maua mengi madogo yananing'inia kwenye vikonyo virefu, dume, hutakula kitu. Maua makubwa yamekaa karibu na shina, huo utazaa. Ndio maana usiache mmoja, acha mitatu halafu chuja.

10. Amua.

Unaacha, unahamisha au unang'oa. Kuhamisha fanya jioni, mche ukiwa na majani manne mpaka sita, mwagilia kwanza halafu beba na udongo wake. Mpapai haupendi kuhamishwa ukishakuwa mkubwa. Lusina ikishapita kiunoni hutaing'oa kwa mkono tena, kwa hiyo kama huitaki itoe ikiwa changa, na kama una mbuzi iache, wanaipenda.

Wanaofananafanana, hapa soma taratibu

*Nyanya, mnavu na mnanaha.* Hawa watatu ni familia moja na wanaota sehemu zilezile, kwenye mbolea na udongo uliochimbuliwa. Nyanya tumeshamaliza, jani la vijani vingi visivyolingana, harufu yake, ua la njano. Mnavu, Wakenya wanaita managu, una jani zima la umbo la yai, ua jeupe dogo lenye katikati njano, vitunda vidogo vya duara vinakaa kwa kichala, vikiiva vinakuwa vyeusi au vya chungwa kutegemea aina. Majani yanapikwa, vitunda vibichi vya kijani usile.

Mnanaha ndio wa kuogopa. Ukiwa mchanga jani lake nalo ni zima na la kijani iliyokolea, mtu mwenye haraka anachuma akidhani mnavu. Ukikua kidogo jani linakuwa pana lenye meno makubwa yasiyo na mpangilio, ukilisugua linanuka vibaya. Ua lake ni tarumbeta ndefu nyeupe au yenye zambarau kidogo, linafunguka jioni, na tunda lina miiba kote, likikauka linapasuka vipande vinne. Mmea wote una sumu, mbegu ndio zaidi. Mdomo unakauka, mboni za macho zinatanuka, moyo unakwenda mbio, mtu anaanza kuona vitu visivyokuwepo. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu kwa mamia waliugua na wengine walifariki baada ya kula unga wa msaada ambao ulikutwa na sumu za kundi hilohilo. Kwa hiyo kanuni yangu kwenye mnavu uliojiotea: hakuna kuchuma mpaka nione ua au tunda kwenye mche huohuo, sio mche wa pembeni yake.

*Mgagani na bangi.* Kila mwaka kuna mtu anapata presha kwa sababu jirani kamwambia ana bangi uwanjani. Mgagani una vijani kama vitano vimetoka sehemu moja kama vidole, kwa mbali ndio unatisha. Sogea. Vijani vya mgagani pembeni havina meno makubwa, shina lina vinyoya vinavyonatanata, ua jeupe lenye nyuzi ndefu zinazochomoza nje, ganda refu jembamba. Bangi kila kijani kina meno kama msumeno kuanzia chini mpaka ncha. Ukikuta ya kweli, usiihamishe wala kuipiga picha za kurusha mtandaoni, mwite mwenye nyumba na mjumbe waione ikiwa palepale, maana wewe ndiye unayekaa hapo na kwa sheria zetu hiyo ni kesi.

*Gugu karoti na giligilani au karoti.* Jani lake limekatwakatwa kama la karoti, ndiyo asili ya kuchanganya. Vunja usikie harufu, karoti na giligilani zina harufu yake unayoijua, gugu hili halina. Likikua linatoa shina refu lenye mifereji na vinyoya, matawi mengi juu, vijiua vyeupe vidogo sana vyenye kona tano. Limetokea Amerika ya kitropiki, Arusha wamelijua vizuri kwa uchungu, mche mmoja unatoa mbegu zaidi ya 10,000, linaleta upele na mafua ya mzio, na ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu. Ng'oa na glavu, funika pua, kabla ya ua. Likishachanua lifunge kwenye gunia palepale ulipo, usilikokote uwanja mzima ukimwaga mbegu. Halafu mwambie afisa ugani wa kata, hili sio la kwako peke yako.

*Boga, tango na mamumunya ya kujiotea.* Yanaota vizuri na yanavutia sana, shida ni kwamba maua yao yanachanganyana na ndugu zao, na tunda linaweza kutoka chungu. Onja kipande kibichi kidogo cha tunda ambalo una uhakika ni boga au tango, kikiwa kichungu tema na utupe lote, usiseme nitaongeza chumvi na nazi, ule uchungu ni sumu na haitoki kwa kupika. Nyanya haina shida hiyo ila ikitokana na mbegu chotara ya dukani usitegemee itazaa kama mama yake.

Ikikwama

*Programu mbili zinatoa majina tofauti.* Angalia sehemu ya kwanza ya jina la kisayansi. Ikiwa ni ileile, umeshapata ukoo, imebaki mtu mwenyewe, subiri tunda. Kama hata ukoo haufanani picha zako ndio mbovu, rudia.

*Kila mtu mtaani anataja jina lake.* Kawaida, mmea mmoja una jina la Kizaramo, la Kichaga, la Kikuyu, na jina moja linabeba mimea minne. Usimuulize mtu "hii inaitwaje" peke yake. Muulize bibi anayeuza mboga za majani, "mama, hii wewe unaipika? Maua yake rangi gani? Tunda lake likoje?" Akikueleza ua ambalo bado hujaliona halafu likatokea vilevile, huyo anaijua. Akisema tu "ni dawa hiyo mwanangu" mshukuru, endelea kusubiri ua.

*Mmea unakufa kabla ya ua.* Kausha ulichonacho. Tandaza tawi lenye majani ndani ya gazeti, jani moja ligeuze lionyeshe mgongo, ukiweza na mzizi, kandamiza na tofali, badilisha gazeti kila siku siku za mwanzo ili usiote ukungu. Andika tarehe, mahali, urefu, rangi ya ua na harufu, sababu vikikauka hivyo vinapotea.

*Limechanua, limezaa, na bado hakuna anayejua.* Sampuli yako ya gazeti ndio ina kazi sasa. Kuna hifadhi za mimea iliyokaushwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile ya taifa Arusha, Makerere kule Kampala, na ile ya makumbusho ya Nairobi ambayo ilianzia Amani, Tanga, mwaka 1902 na kuhamishwa 1950. Piga simu kwanza uulize utaratibu, usitokee tu mlangoni na majani kwenye mfuko.

*Mkono unawasha.* Usisugue. Kama ni manyoya ya upupu bandika selotepu ubandue mara kadhaa, ndio unawe kwa sabuni na maji mengi. Utomvu jichoni, suuza kwa maji safi ya kutiririka kwa dakika 15 na uende hospitali hata kama maumivu yamepungua.

*Mtoto kala kitu hujui ni nini.* Toa kilichobaki mdomoni, usimtapishe, usimpe maziwa kwa kudhani yanaua sumu, nenda hospitali sasa hivi na ubebe tawi zima lenye jani, ua na tunda. Daktari atafanya kazi haraka zaidi akiliona kuliko ukimwelezea.

*Naling'oa linarudi.* Hiyo ndago. Chini ina viazi vidogo vyeusi vimeungana kwa nyuzi, ukivuta majani unakata uzi tu na kila kiazi kinaota upya, na ukipitisha jembe unavisambaza. Chimba kwa uma, chekecha udongo kwa mkono, okota kiazi kimoja kimoja uanike juani kwenye bati mpaka vikauke kabisa, usivitupe kwenye mboji. Utarudia msimu ujao na unaofuata. Sehemu ambayo hulimi kitu ifunike na turubai jeusi au panda viazi vitamu vizibe kabisa, ndago haipendi kivuli.